Chakula na Tezi Dume
Wazee wetu wa Kilwa na Lindi, waliokulia samaki, muhogo na nazi, huambiwa wapunguze nyama na mafuta ili waepukane na saratani ya tezi dume. Ushauri huo ni mwema, lakini haujathibitishwa kuwa kinga. Hata vidonge vya vitamini E, vilivyojaribiwa Marekani na Kanada kwa wanaume zaidi ya 35,000, ilidhihirika mwaka 2011 kuwa viliongeza hatari kwa asilimia 17. Wauzao dawa za “kusafisha tezi” magulioni wanajua lipi zaidi?

Linaloua hasa ni aibu. Mkojo unakatika, mzee ananyamaza, anaongeza mchicha. Afikapo Ocean Road, safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko, ugonjwa umekwisha kuingia mifupani. Waganga wa wilaya wawafuate wazee barazani, wasiwangoje hospitalini.