Muungwana Hasa Katika Kisa cha Liyongo ni Nani?

Mwaka 2024 sikukuu mbili kubwa za taifa zilifanyiwa mbali na Nairobi. Madaraka ya tarehe 1 Juni ilisherehekewa Bungoma, katika Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi. Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba ikaletwa kwetu Pwani, Kwale. Hotuba zilikuwa nyingi, na neno "shujaa" likatumika mpaka likachakaa. Tangu Katiba ya 2010 ilipoigeuza Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa, na tangu Bunge lilipopitisha sheria ya mashujaa mwaka 2014, kila jimbo linataka wake waandikwe. Hilo si baya. Lakini ndugu msomaji, wazee wetu walikuwa na maneno mawili ambayo hawakuyachanganya, shujaa na muungwana. Shujaa humjua kwa mkono wake. Muungwana humjua kwa nini?

Kipimo cha jambo hili tunacho, nacho ni kisa cha Fumo Liyongo. Kisa hiki husomeshwa leo kutoka Lamu mpaka Myanga, kule magharibi ya mji wa Bungoma, ambako mwanafunzi asiyewahi kuiona bahari huandika katika karatasi ya mtihani kwamba Liyongo alikuwa jitu la mighani, mwenye nguvu za ajabu, na kwamba alisalitiwa na mwanawe mwenyewe. Hupata alama zake akaenda zake. Hakuna anayemwuliza ni nani katika kisa hicho aliyetenda la kiungwana, na swali hilo ndilo lenye utamu.

Tukumbushane kwa ufupi. Kisa kilisimuliwa karne na karne kabla Edward Steere hajakichapisha mwaka 1870 katika hadithi alizokusanya Unguja, na kabla Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu hajakitungia utendi mwaka 1913. Liyongo ni bwana wa Shaka, na Sultani wa Pate ni jamaa yake ambaye anamwogopa kwa ajili ya ufalme. Waoromo, ambao utendi unawaita Wagala, wanafika Pate kufanya biashara, wanasikia sifa zake na kutamani kumwona. Anakuja akipiga pembe mji mzima ukatetemeka, akatua mkoba, na ndani ya mkoba mkatoka kinu na mchi, chungu na mafiga. Wageni wanaomba mbegu yake. Anaozwa kwao, akazaliwa mtoto mwanamume. Baadaye Sultani anawatumia watu wa msituni wamwue. Hao wanabuni hila ya kupanda mkoma kwa zamu, ili zamu yake itakapofika wamfume akiwa juu. Liyongo anayaangua makoma kwa mishale huku amesimama chini. Hila ikavunjika pale pale.

Mpaka hapa tunaona nguvu na akili. Uungwana bado.

Kipimo tutumie kipi basi? Mtoto wa chuoni anazijua alama tatu za mnafiki, kwamba akisema husema uongo, akiahidi huvunja, na akiaminiwa hukhini. Tugeuze alama hizo upande wa pili. Muungwana atakuwa yule ambaye amana ikitiwa mkononi mwake hufika inakokwenda. Kwa mizani hiyo, tuwapime mmoja mmoja.

Sultani hana haja ya maneno mengi. Alimwalika jamaa yake akamtia gerezani, akatoa fedha ili damu imwagwe na watu wengine, akamwahidi kijana mke na cheo. Kijana alipokwisha kutenda, hakupata alichoahidiwa. Enzi aliyokuwa akiililia ilikuwa nzima mkononi mwake, na ahadi zake zote zikawa mapovu.

Mwana ndiye huwatesa wasomaji. Wako wanaomwonea huruma, na mimi sikatai kwamba ziko sababu. Alilelewa kwa mama yake, akamjua babaye kwa sifa zaidi kuliko kwa kukaa naye, na wakubwa wa mji mkubwa wakamwita wakamketisha karibu. Alipofika kwa babaye alisitasita. Yote ni kweli. Hata hivyo aliuliza kitakachomwua babaye, akaambiwa kwamba ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, naye akaichukua siri hiyo akaenda kuiuza. Siri ya mzazi ni amana juu ya amana. Hapo sioni mlango wa kutokea.

Vijana wa siku hizi watanikumbusha mfano kutoka kwa wageni. Wengi wamezitazama zile filamu za mfululizo zilizotolewa kutoka vitabu vya George R. R. Martin, zilizoonyeshwa kati ya mwaka 2011 na 2019, zenye majoka na viti vya enzi, nao hubishana usiku kucha ni yupi ndani yake mwenye heshima ya kweli. Kuna Ned Stark, mtu wa neno moja, ambaye ukweli wake unampeleka chini ya upanga. Na kuna Jaime Lannister, ambaye alikula kiapo cha kumlinda mfalme kisha akamwua, na maisha yake yote akaitwa muuaji wa mfalme. Lakini mfalme yule alikuwa mwendawazimu aliyetaka kuuteketeza mji kwa moto pamoja na watu wake. Ubishi huo una maana, maana unauliza kama yuko mvunja amana anayeweza kubaki muungwana. Nami nasema yumkini yuko, ikiwa aliivunja ili kuwaokoa wasio na mtetezi, na lawama akaibeba mwenyewe. Mwana wa Liyongo alimwokoa nani? Aliitoa roho ya babaye kwa bei ya mke na kilemba.

Profesa Kithaka wa Mberia aliliona jambo hili alipokichukua kisa akakifanya tamthilia, Kifo Kisimani, iliyotoka mwaka 2001 na kusomwa katika shule za sekondari mpaka 2012. Mle ndani mwenye kisu ni Gege, na anayeuawa ni Mwelusi nduguye, aliyesimama dhidi ya mtawala dhalimu. Ahadi ni ile ile ya kuozwa binti wa mkubwa. Baada ya kitabu hicho wanafunzi wakapewa Mstahiki Meya cha Timothy Arege, na jina lake peke yake latosha kucheka. Tangu majimbo yaanze kazi mwaka 2013, waheshimiwa wameongezeka kwetu kama uyoga wa masika, na heshima imekuwa kitu cha kubandikwa mlangoni.

Nirudi Myanga, maana huko nako wana shujaa wao, na kumweka kando ya Liyongo kunafungua macho. Wabukusu husimulia habari za Mango na joka lililokuwa likiwaua watu. Katika simulizi inayojulikana zaidi, majirani zao waliokuwa wakitahiri walimcheka Mango, wakamwambia kwamba asiyetahiriwa hawezi kuliua, na kama ataliua basi watamtahiri. Mango akaingia katika pango la joka lilipokuwa limetoka, akangoja gizani, na liliporejea akalikata kichwa. Kisha akasimama mbele ya kisu cha tohara kama alivyosema. Ndiyo maana kila Agosti ya mwaka usiogawanyika kwa mabaki, yaani 2022, 2024 na kuendelea, wavulana huko hurudi kutoka mtoni alfajiri wamepakwa udongo, na nyimbo zinazoimbwa humtaja yeye.

Watu wengi husifu lile joka. Mimi nasifu mapatano. Walioahidi walitimiza, na aliyeahidiwa hakukimbia. Pate palikuwa na jumba, mji na watu wa elimu, na ahadi haikutimizwa hata moja. Kwenye pango la Bungoma ahadi ilitimizwa pande zote mbili, tena baina ya watu wa lugha mbalimbali. Waliotoa kisu na waliokipokea ni mababu wa majirani waliokuja kumwagana damu katika mapigano ya kikabila ya 1992 kwenye eneo la Mlima Elgon. Kisa cha Mango kilikuwapo siku zote hizo. Kiliimbwa, lakini sijui kama kilisikilizwa.

Na Liyongo mwenyewe? Wasomaji wengi wa Pwani hawapendi aguswe. Simulizi zinasema kwamba mwana alipouliza ile siri, baba alihisi ametumwa. Akamwambia hata hivyo. Wako wasemao kwamba huo ni upumbavu. Mimi naona kwamba hapo ndipo shujaa alipokaribia zaidi uungwana, kwa kuwa alikataa kumtendea mwanawe kama jasusi kabla mwana hajawa jasusi kweli. Lakini pia alikuwa mtu aliyeipenda sana sifa ya kuogopwa. Amekwisha kufa, naye amepiga goti kisimani na upinde umevutwa, na mji mzima unakaa na kiu siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kusogea. Mama yake ndiye aliyekwenda kumbembeleza kwa maneno, bila kujua kwamba anasema na maiti. Kati ya watu wote wa mji, bibi kizee mmoja alitoka kwenda kuwatafutia wenzake maji, na wenzake hao ni raia wa mtu aliyemfunga mwanawe. Mama huyu mimi namweka juu ya Liyongo.

Juu ya mama yuko mmoja tu, na hapa ndipo nitakapogombana na baadhi ya ndugu zangu. Liyongo alipokuwa gerezani akingoja kuuawa, chakula kililetwa na kijakazi, jina lake Saada. Walinzi walikuwa wakila vizuri vyote. Liyongo akamtuma kwa mafumbo amwambie mama apike mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Saada akaupeleka ujumbe bila kupunguza neno. Akarudi na vyakula. Walinzi wakanyang'anya vilivyo vitamu, wakaudharau ule wa wishwa, wakamwachia aupitishe. Usiku wa gungu, wakati pembe na tari zikivuma nje kwa ombi la mfungwa mwenyewe, tupa ikala pingu.

Fikiri alichokuwa nacho mkononi. Siri ile ingeuzwa kwa Sultani siku hiyo hiyo kwa bei kubwa kuliko aliyoahidiwa mwana, pengine kwa uhuru wake. Mwana wa bwana aliuza. Kijakazi hakuuza.

Sasa tazama lugha yetu inavyotuumbua. "Muungwana" kwa asili ni mtu huru, asiye mtumwa. Kwa maana hiyo ya zamani, Sultani ni muungwana, mwana ni muungwana, na Saada siye wala hawezi kuwa. Wazee wakalipanua neno likawa la tabia, lakini ile maana ya kwanza haijafa. Ingali inanong'onwa katika posa, familia zinapoulizana fulani ni wa nani na babu yake alitoka wapi. Nani asiyejua, katika miji yetu, ndoa iliyozuiliwa kwa mnong'ono huo? Mafumbo ya Liyongo twayahifadhi, na Kipini wenyeji humwonyesha mgeni mahali panaposemwa kuwa kaburi lake. Saada, baada ya mkate kufika, kisa hakimtaji tena. Hatuambiwi kama alishukuriwa, wala kama walinzi, pingu zilipokutwa zimekatwa, hawakukumbuka ni nani aliyepitisha ule mkate.