Panya Buku Amenusa; Nani Atapanda Mlima?

Nyangumi azamaye zaidi ya mita 1,000 baharini, mahali mwanga wa jua usipofika, humsaka ngisi kwa sauti, si kwa macho. Mjini Morogoro, mbali na bahari, yupo kiumbe mwingine wa gizani mwenye macho dhaifu: panya buku. Yeye hutegemea pua.

Mnyama huyu hutoka usiku, hubeba chakula katika mifuko ya mashavuni, hukificha, kisha hukirudia kwa harufu. Kipaji hicho kimemfaa binadamu. Tangu mwaka 2007 shirika la APOPO, lililopo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, humtumia kunusa makohozi ya watu wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu. Mafunzo huchukua takribani miezi tisa, naye hutuzwa chakula kila anapotambua harufu sahihi. Aliyehitimu hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi.

Wapo wanaoona ni aibu ugonjwa wa mtu kuamuliwa na panya. Panya haamui, hushuku tu, na sampuli anayoishuku hupimwa tena maabara. Wala hamsuti mtaalamu wa maabara. Darubini huhitaji takribani vimelea 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili ivioneshe. Mwenye vichache huweza kuambiwa hana kifua kikuu, akarudi nyumbani na kikohozi chake.

Hapo ndipo penye mzigo. Mgonjwa aliyeteremka kutoka Mgeta au Matombo, akapewa jibu hasi, huwa amekwisha kuipanda tena milima ya Uluguru siku panya anapoisimamia sampuli yake. Jibu jipya lisipomfikia, pua ile imenusa bure, na watoto wanaolala naye chumba kimoja huendelea kuvuta hewa yenye vimelea.

Kwa hiyo, mhudumu anayeandika kwa makini jina la kitongoji na nambari ya simu ya jirani hafanyi ukarani, anatibu. Naye mgonjwa, kikohozi kikifika wiki mbili, au kikiendelea baada ya jibu hasi, hana budi kurudi kituoni. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na wengi wanaozimeza kwa miezi yote sita hupona. Panya amekwisha kutimiza wajibu wake. Uliobaki ni wa binadamu.