Tusingoje msiba



Ndugu msomaji, niliitwa usiku kwa baba mmoja hapa Babati. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, baada ya madaktari kusema saratani yake haiponi tena. Nilipofika hakuweza kusema. Mkewe aliniambia, "Padre, miezi minne sasa, waliokuja kumwona ni majirani wawili tu." Siku tatu baadaye ua ulijaa: maturubai, viti, sufuria za wali, daftari la michango. Jumuiya nzima ilikuwepo. Nami ni mmoja wa waliochelewa.

Kwa nini tunawahi msiba na kumkwepa mgonjwa? Mara nyingi si roho mbaya, ni woga. Hatujui tuseme nini mbele ya mtu asiyetarajiwa kupona. Wengine huona haya kwenda mikono mitupu. Hata padre huitwa dakika za mwisho, kana kwamba Mpako wa Wagonjwa ni hati ya kifo. Lakini tangu mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kuwa sakramenti hiyo si ya wanaokata roho peke yao.

Mkumbuke Ayubu. Tunawalaumu rafiki zake kwa maneno yao, tukasahau kwamba kwanza waliketi naye chini siku saba, kimya. Hapo walifanya vema. Walikosea walipoanza kumweleza kwa nini anateseka.

Wahudumu wa tiba shufaa, kama wale wa Ocean Road, wana morfini ya kutuliza maumivu makali. Upweke hautulizwi na dawa hiyo. Unahitaji mtu aje aketi.

Basi, kwenye jumuiya wiki hii ulizeni: nani hajaonekana siku nyingi? Nendeni wawili, si ishirini. Msimwambie "utapona" wakati mwenyewe anajua hali yake. Mwacheni aseme anachotaka, hata kama ni habari za shamba lake. Mkeshee kidogo, mkewe naye apate usingizi. Na mtuite mapadre mgonjwa angali anaweza kuungama na kucheka nasi.

Siku ile Kristo hatatuuliza kama tuliwaponya wagonjwa. Atatuuliza kama tulikwenda kuwaona.

Jumapili njema.