Tupa Uchawi, Pima Ini

Jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake tupa uchawi. Lakini mtu akivimba tumbo na macho yakawa ya njano, bado wapo watakaosema karogwa, apelekwe akachanjwe chale. Tena kwa wembe uliokwisha kumchanja mwingine!

Wadau, virusi vya homa ya ini C hupita kwenye damu: wembe, sindano, vifaa vya kuchorea tatuu. Vinaweza kukaa mwilini hata miaka 20 bila dalili huku ini likiharibika taratibu.

Homa ya ini B ina chanjo. Watoto wa Tanzania walianza kuipata mwaka 2002. C haina chanjo, ila ina tiba: vidonge vya wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa hupona. Ila utatibiwaje kama hujapima?

Wengine husubiri wachangie damu ndipo wajijue. Hapana, ukiwa na wasiwasi, kapime kwanza. Serikali ya wanafunzi nayo iombe hospitali ya mkoa ije kutupima chuoni kila mwaka. Siku hizi VVU tunapima bila woga. Hii inatushinda nini?