Mabega ya wauguzi nayo yatazamwe



Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi wenyewe tumelizoea mno: maumivu ya shingo na mabega. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja, na usiku anayemgeuza mara nyingi ni mtu mmoja. Kitanda hakipandi wala hakishuki, basi unainama, unavuta, na msuli utokao shingoni hadi begani ndio unaobeba uzito wote. Wenzetu wa maabara nao huinamia hadubini tangu asubuhi. Tunameza diklofenaki, tunarudi zamu. Huko si kutibu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na wodi ni mahali pa kazi. Mashuka ya kutelezea ya kumsogezea mgonjwa si anasa. Waganga wafawidhi, yanunueni, na msimwachie muuguzi mmoja kumgeuza mtu wa kilo 90.

Muuguzi,
Morogoro