Kampala: Ada hulipwa kila siku, lakini taka zikijaa anayejibu ni nani?

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Busia au Malaba usiku hufika Kampala alfajiri, hushuka kituo cha mabasi na kuingia Kikuubo kununua sabuni, nguo au vyombo vya plastiki kwa bei ya jumla. Kabla jua halijawa kali, ameshalipa mara kadhaa. Amemlipa mbeba mizigo, amelipa maegesho na choo, na ndani ya bei ya bidhaa amelipia leseni na pango la mwenye duka. Mvua ikinyesha na mtaro wa Nakivubo ukifurika, hulipa tena: kwa muda uliopotea na mzigo uliolowa.

Fedha hizo, kwa njia moja au nyingine, hulisha jiji. Lakini mtaro ukiziba, taa za barabarani zikizimika au taka zikikaa wiki nzima mbele ya ghala, nani anapaswa kujibu? Kwa zaidi ya miaka kumi swali hilo limekuwa kiini cha siasa za Kampala, na waliowahi kuliongoza jiji hilo wameacha mafunzo ambayo wafanyabiashara wa ukanda mzima wana sababu ya kuyajua.

Jiji lenye vichwa viwili

Sheria ya Mamlaka ya Jiji la Kampala ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2011, ililitoa jiji mikononi mwa halmashauri ya kawaida na kuliweka chini ya serikali kuu. Ndipo ilipozaliwa KCCA. Chini ya mfumo huo, Meya Mkuu huchaguliwa na wananchi, lakini mwenye kusimamia fedha, wafanyakazi na mikataba ni Mkurugenzi Mtendaji, ambaye huteuliwa na Rais. Juu yao kuna waziri mwenye dhamana ya Kampala.

Kwa lugha ya sokoni, mmoja ana kura na mwingine ana ufunguo wa sanduku la fedha. Mwenye kura hufuatwa na wananchi kila siku wakilalamika, lakini hawezi kuagiza lori moja la taka bila mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo anaweza kuagiza lori, ila hakuna mpiga kura anayeweza kumwondoa.

Mwaka 2011 nafasi hizo mbili zilichukuliwa na wanasheria wawili. Erias Lukwago alichaguliwa kuwa Meya Mkuu, na Jennifer Musisi, aliyetoka Mamlaka ya Mapato ya Uganda, aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza. Mvutano ulianza mapema. Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa Lukwago, mgogoro ukahamia mahakamani, na jiji likakaa muda mrefu bila uongozi wa kisiasa uliotulia. Wapiga kura walimrudisha mwaka 2016, na tena mwaka 2021.

Fedha kwanza, miradi baadaye

Musisi alianza na jambo alilolijua vizuri: ukusanyaji wa mapato. Alikuta jiji ambalo fedha taslimu zilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika benki. Maegesho ya matatu, ambazo Waganda huziita teksi, yaliendeshwa na chama cha wenye magari hayo kwa mkataba na jiji. Mwaka 2012 KCCA ilichukua usimamizi wa vituo, na kila gari la abiria 14 likatakiwa kulipa shilingi 120,000 kwa mwezi moja kwa moja kwa mamlaka. Baadaye malipo ya leseni na kodi ya majengo yakahamishiwa katika mfumo wa kielektroniki, mtu akawa analipa kupitia benki au simu badala ya kumpa mkusanyaji fedha mkononi.

Matokeo yalionekana. Mapato ya ndani ya jiji yalipanda kutoka takribani shilingi bilioni 30 kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 80 ndani ya miaka minne hivi. Viwango vingi vya ada na kodi havikuwa vipya. Kikubwa kilichobadilika ni kwamba fedha zilizokuwa zikipotea njiani zilianza kufika.

Hapo pana somo la kwanza kwa kila halmashauri ya ukanda huu, iwe Kisumu, Mwanza au Bujumbura. Kabla ya kupandisha ushuru, ziba matundu. Mfanyabiashara anayelipa kwa njia inayoacha kumbukumbu ana risiti ya kuonyesha. Anayempa mtu fedha mkononi hana ushahidi wowote, na kesho anaweza kudaiwa tena.

Lakini bilioni 80 ni fedha kidogo kwa jiji ambalo mchana hubeba watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya wale wanaolala humo. Sehemu kubwa ya bajeti ya Kampala hutoka serikali kuu na mikopo. Oktoba 2018, Musisi alipoandika barua ya kujiuzulu, miongoni mwa mambo aliyoyalalamikia ni uhaba wa fedha, upungufu wa wafanyakazi na mivutano ya kisiasa. Aliondoka ofisini Desemba mwaka huo. Kiongozi aliyesifiwa kwa kujaza sanduku aliondoka akisema sanduku halitoshi, na kwamba hakuwa na nguvu zilizolingana na kazi aliyopewa.

Mradi una utepe, huduma haina

Mkopo hufuata kitu kinachoonekana. Awamu ya pili ya mradi wa Benki ya Dunia wa miundombinu ya Kampala, uliopata dola milioni 175, ilijenga upya barabara na makutano yakiwemo ya Fairway na Bwaise, pamoja na Makerere Hill na Mambule. Dereva wa lori anayekumbuka foleni ya Bwaise ya zamani anajua tofauti. Baadaye ulikuja mpango wa dola milioni 566 unaojumuisha Kampala na wilaya zinazolizunguka jiji.

Barabara mpya ina siku ya kufunguliwa. Waziri hukata utepe, picha hupigwa, na jina la kiongozi hubaki kwenye jiwe la msingi. Kuzoa taka hakuna siku ya kufunguliwa. Kazi hiyo huanza upya kila asubuhi, na ikifanyika vizuri hakuna anayeiona. Ni nadra mkopeshaji kutoa fedha za mafuta ya lori la taka au mishahara ya wafagiaji. Fedha hizo lazima zitoke kwenye mfuko wa jiji lenyewe, ndiko huduma hukwama.

Hakuna mahali ambapo udhaifu huo ulionekana kwa uchungu zaidi kuliko Kiteezi. Dampo hilo lilifunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Wakiso, nje ya mpaka wa jiji. Taka za Kampala zilirundikwa humo hadi likawa mlima. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba limejaa, na ardhi ya dampo jipya ilikuwa imepatikana Ddundu, wilayani Mukono, lakini taka ziliendelea kupelekwa palepale. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo ulibomoka na kufukia nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Wiki chache baadaye Rais Yoweri Museveni aliwaondoa kazini Mkurugenzi Mtendaji wa wakati huo, Dorothy Kisaka, naibu wake, na mkurugenzi wa afya ya umma. Hatua hiyo ilijibu swali la nani awajibike baada ya maafa. Swali gumu zaidi lilibaki: katika miaka yote ambayo dampo lilikuwa likijaa, nani alikuwa na mamlaka, fedha na sababu ya kisiasa ya kulifunga? Mkurugenzi alisubiri fedha za serikali kuu. Meya hakuwa na saini. Wakazi wa Wakiso walioishi chini ya mlima ule hawakuwa wapiga kura wa Kampala. Kila mmoja alikuwa na kisingizio chenye ukweli ndani yake, na ndiyo maana hatari ilidumu.

Wachuuzi kati ya sheria na kura

Eneo la pili linaloonyesha ugumu wa kuendesha jiji ni biashara ya barabarani. KCCA ya Musisi iliwaondoa wachuuzi katikati ya mji kwa nguvu, na mali nyingi zilikamatwa. Mwenye duka anayelipa leseni alifurahi kuona mlango wake uko wazi. Mama aliyekuwa akiuza nyanya chini alipoteza mtaji wa mwezi kwa siku moja. Lukwago alisimama upande wa wachuuzi, na wengi wao walimkumbuka siku ya kura.

Chama tawala kiliposhindwa vibaya Kampala katika uchaguzi wa 2016, lawama ndani ya chama zilielekezwa pia kwa ukali wa wasimamizi wa jiji. Ukali ukapungua na wachuuzi wakarudi. Januari 2022, uchaguzi ukiwa umepita, operesheni ilianza tena.

Anayeumizwa na mzunguko huo ni mfanyabiashara, wa barabarani na wa dukani pia. Hakuna anayejua kanuni ya mwezi ujao. Mnunuzi kutoka Juba au Goma anayeagiza mzigo kwa mchuuzi wa jumla wa pembeni ya barabara hajui kama atamkuta safari ijayo. Sheria inayotekelezwa kwa msimu ni mbaya kuliko sheria kali inayojulikana, kwa sababu kwa ile inayojulikana mtu anaweza kupanga bei.

Majirani wana hadithi ileile

Kampala haiko peke yake. Februari 2020 Gavana wa Nairobi wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini kuikabidhi serikali kuu majukumu makubwa ya kaunti, yakiwemo afya, uchukuzi na mipango miji. Chombo kilichoongozwa na Jenerali Mohamed Badi kiliyaendesha hadi mwaka 2022, majukumu yaliporudi kwa kaunti. Dar es Salaam nayo ilibadilishwa: Februari 2021 Rais John Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala, yenye soko la Kariakoo, kuwa jiji.

Nchi tatu, njia tatu, sababu moja. Jiji kuu ndilo lenye fedha nyingi na wapiga kura wengi wa upinzani au wenye kelele, hivyo serikali kuu hailiachi mbali. Hoja inayotolewa ni ufanisi, na mara nyingine ufanisi huonekana kweli, hasa kwenye barabara. Lakini kila mamlaka yanapohamishwa, mfanyabiashara hulazimika kujifunza upya mlango wa kubisha.

Mfanyabiashara afanye nini

Jambo la kwanza ni kutenganisha wakusanyaji. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS, na malalamiko yao yakafika hadi kwa Rais. Mfumo huo ni wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, hauko chini ya jiji. Leseni ya duka, kodi ya majengo na ada za vituo ni za KCCA. Kodi ya pango ni ya mwenye jengo. Anayelalamikia taka kwa ofisi ya mapato, au anayemlaumu diwani kwa ongezeko la thamani, hupoteza siku yake bure.

La pili ni umoja. Mfumo wa biashara iliyorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, umesaidia wadogo mpakani kwa sababu kanuni zake ni chache na zimebandikwa ukutani. Mjini hakuna kitu kama hicho. Vyama kama KACITA vya Kampala, na vya wenzao wa Kariakoo na Gikomba, vinaweza kudai jambo lilelile: orodha moja ya ada za jiji, iliyobandikwa kila soko, yenye jina la ofisi inayopokea na huduma inayopaswa kurudi.

La tatu ni kuwapima viongozi kwa mizani sahihi. Anayeonyesha barabara mpya aulizwe pia mtaro wake unasafishwa mara ngapi kwa mwaka na kwa fedha ipi. Anayejitetea kwamba hana mamlaka aulizwe ameandika lini kuyadai. Sharifah Buzeki, aliyekabidhiwa kiti cha Kisaka baada ya Kiteezi, alirithi deni hilo lote: dampo, mitaro, wachuuzi, na mfumo uleule wa vichwa viwili.

Uzoefu wa Kampala unaonyesha kwamba kukusanya fedha za jiji kunawezekana na kujenga barabara kunawezekana. Kilichoshindikana ni kumfanya mtu mmoja awajibike kwa kazi ya kila siku isiyo na utepe. Mfanyabiashara anayefika Kikuubo alfajiri analipia kazi hiyo tayari. Ana haki ya kujua jina la anayepaswa kuifanya kabla mvua nyingine haijanyesha.