Ukiona Vyaelea, Jua Vimeundwa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii twaifundisha watoto wetu shuleni, twaidai katika insha zao, kisha twaisahau mara tu tunapotoka darasani. Vinavyoelea mbele ya macho yetu hapa Kasikeu ni vingi: simu, redio, pikipiki, vioo vya kunasa umeme wa jua juu ya mapaa ya mabati. Wachache miongoni mwetu huuliza ni nani aliyeviunda, kwa nia gani na kwa hesabu gani. Leo ningependa kulijadili jambo hili kwa mfano ambao huenda ukaonekana wa kitoto, nao ni mashine za michezo zinazotumbukizwa sarafu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisikiliza vipindi vya sauti vinavyopatikana kwenye intaneti, ambavyo vijana huviita podikasti. Vipo vya siasa, vya dini na vya mapenzi. Lakini vilivyonivutia zaidi ni vile vinavyowahoji wazee wa Marekani, Japani na Uingereza waliobuni michezo ya video ya sarafu katika miaka ya 1970 na 1980. Mtangazaji huketi na mzee mmoja kwa saa nzima au zaidi, akamwuliza polepole: ulianzaje? Waya huu uliuunganisha wapi? Kwa nini mchezo ulikuwa mgumu kiasi kile? Mzee naye hujibu bila haraka, kama babu anayesimulia chini ya mwembe.

Msomaji ataniuliza, je, sisi wakulima wa mbaazi na mahindi, tunaotazamia mvua kwa hofu kila mwaka, tuna haja gani na hadithi za michezo ya Wamarekani? Nitajibu kwa kisa cha mtu mmoja.

Mwaka 1972, katika jimbo la California, wanaume wawili, Nolan Bushnell na Ted Dabney, walianzisha kampuni iliyoitwa Atari. Mhandisi wao kijana, Allan Alcorn, aliunda mchezo ulioitwa Pong, ambamo wachezaji wawili walirushiana nukta ya mwanga kwenye kioo cha televisheni mfano wa mpira wa meza. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa moja mjini Sunnyvale. Baada ya muda mfupi Alcorn aliarifiwa kwamba imeharibika. Alipoifungua alikuta haina hitilafu yoyote isipokuwa kwamba kisanduku cha sarafu kilikuwa kimejaa pomoni.

Kwa miaka mingi habari za mwanzo huo zilisimuliwa kama habari za Bushnell peke yake. Dabney aliondoka katika kampuni mwaka 1973, na jina lake likafifia. Hata hivyo, ni yeye aliyebuni saketi iliyowezesha nukta kusogea kwenye kioo cha televisheni ya kawaida bila kuhitaji kompyuta ghali. Mwaka 2010 kipindi cha sauti kiitwacho RetroGaming Roundup kilimtafuta, kikamhoji kwa kirefu. Mzee akasema yake. Masimulizi ya awali yalidai kwamba chumba kilichogeuzwa karakana kilikuwa cha binti wa Bushnell. Dabney akaeleza kuwa kilikuwa cha binti yake mwenyewe. Jambo dogo, lakini ndani yake mna haki ya mtu. Dabney alifariki mwaka 2018, na baadaye Waingereza wapenzi wa michezo hiyo walianzisha kipindi cha kuwahoji wabunifu wengine, wakakipa jina lake: The Ted Dabney Experience. Laiti wangechelewa miaka minane tu kumtafuta, wangekuta kaburi.

Huo ndio umuhimu wa kwanza wa vipindi hivi, kwamba humrudishia fundi jina lake. Kampuni nyingi za wakati ule hazikutaka majina ya wabunifu yajulikane. Katika mchezo wa sarafu ulioitwa Starship 1, wa mwaka 1977, mhandisi Ron Milner alificha salamu fupi yenye jina lake, ambayo ingeonekana tu iwapo vitufe fulani vingebonyezwa kwa utaratibu fulani. Salamu hiyo ilikaa kimya kwa miaka arobaini, ikaja kufichuka mwaka 2017 baada ya mwenyewe kuulizwa. Kadhalika, ni kwa kuhojiwa kabla ya kifo chake mwaka 2011 ndipo wengi walipofahamu habari za Jerry Lawson, Mmarekani mweusi aliyeunda mchezo wa sarafu wa Demolition Derby mwaka 1975, akitumia kichakataji kidogo cha kompyuta wakati ambapo karibu mashine zote ziliendeshwa kwa saketi tupu.

Umuhimu wa pili ndio unaotugusa sisi moja kwa moja. Vipindi hivi humfungulia msikilizaji mashine akaona tumbo lake. Tomohiro Nishikado wa Japani, aliyeunda Space Invaders mwaka 1978, ameeleza kwamba maadui katika mchezo wake huongeza mbio kadiri wanavyopungua kwa sababu mashine ilikuwa dhaifu. Walipokuwa wengi ilielemewa na kazi ya kuwachora, walipopungua ikapata nafuu. Aliuona udhaifu huo, akauacha uwe utamu wa mchezo. Toru Iwatani naye, aliyebuni Pac-Man mwaka 1980, ameeleza kuwa alikusudia kuwavuta wanawake na wachumba katika kumbi zilizokuwa zimejaa wanaume. Wabunifu hao husema pia, bila kuficha, kwamba mashine ilipaswa kumshinda mchezaji baada ya dakika chache ili atoe sarafu nyingine. Lakini ilimshinda kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliiona sababu ya kushindwa kwake, na akiongeza ustadi angeweza kudumu zaidi kwa sarafu ile ile.

Sasa tugeukie kwetu. Katika masoko yetu, kuanzia Sultan Hamud kandokando ya barabara kuu ya Mombasa hadi huku Kasikeu, sarafu imepata mlaji mwingine. Katika muda wa miaka kumi hivi iliyopita, mashine ndogo za kamari zenye taa za rangi zimeenea nchini Kenya, zikawekwa madukani, katika baa na hata vichochoroni. Mtu hutumbukiza shilingi ishirini, ile yenye picha ya ndovu, taa zikazunguka, naye akasubiri bahati. Nimewaona watu wazima wakimaliza hapo kibarua cha siku nzima, na nimewaona watoto wenye sare za shule wakichungulia mlangoni, ingawa sheria inakataza aliye chini ya miaka kumi na minane kucheza kamari.

Kwa macho ya mtoto, mashine ya Pong na mashine hii ni ndugu: zote zina kioo au taa, zote zina tundu la sarafu. Kwa hakika hazifanani hata kidogo. Katika mchezo wa wazee wale, mkono na jicho vya mchezaji vilikuwa na kazi. Katika mashine ya kamari, programu iliyo ndani huamua matokeo kwa nasibu, na malipo yake yamepangwa kwa kiwango ambacho, baada ya mizunguko mingi, kitakachorudi kwa wachezaji ni pungufu ya walichotia. Hakuna ustadi unaoweza kuishinda hesabu hiyo. Mwenye kuamini kwamba ameielewa tabia ya mashine, kwamba leo imeshiba na sasa itatapika, anajidanganya, kwa kuwa mashine haina njaa wala shibe.

Je, ni nani aliyeiunda? Kiwango chake cha malipo alikiweka nani? Waulize wachezaji sokoni, hakuna atakayekujibu. Mwenye duka atakuambia aliletewa na mtu. Mtu huyo huja na ufunguo, hufungua, huchukua sarafu, huenda zake. Hiki ni chombo kinachoelea ambacho hatukumjua muundaji wake, nasi tumekipakia watoto wetu.

Serikali haijakaa kimya. Maafisa wake wamezinasa mashine hizi mara nyingi na kuziteketeza kwa moto mbele ya kamera. Mwaka 2025 sheria mpya ya udhibiti wa kamari ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Nazipongeza juhudi hizo. Hata hivyo, moto una kasoro yake: huangamiza chombo na kuacha ujinga ulipokuwa. Kijana aliyeiona mashine ikiungua bado hajui ilimwibia vipi, na kesho ikiletwa nyingine yenye taa za rangi tofauti, au ikiingia ndani ya simu yake, ataipa tena sarafu zake.

Yapo mafunzo katika historia ya mji wa New York. Mnamo mwaka 1942 mji huo ulipiga marufuku mashine za kurusha gololi kwa madai kwamba ni kamari, na Meya Fiorello La Guardia alijitokeza hadharani akizivunja kwa nyundo. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1976 mashine zilipelekwa mbele ya kamati ya baraza la mji. Mwandishi mmoja kijana, Roger Sharpe, aliwatajia madiwani njia ambayo gololi yake ingepita, akaivuta na kuiachia, nayo ikapita hapo hapo. Madiwani wakasadiki kwamba palikuwa na ustadi, na marufuku ikaondolewa. Naukumbusha mkasa huo kwa sababu ya njia waliyoitumia, yaani kuileta mashine mezani na kuipima mbele ya wananchi. Mashine zetu za kamari zikipimwa hivyo, nina hakika zitashindwa mtihani ambao zile za gololi zilishinda.

Basi napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kuzichoma mashine zote zinazonaswa, baadhi yake zipelekwe katika vyuo vya ufundi vya Kaunti ya Makueni, zifunguliwe mbele ya wanafunzi pamoja na wazazi wao. Mwalimu awaonyeshe tundu la sarafu, saketi na programu. Awape sarafu mia moja za majaribio, wahesabu wenyewe ni ngapi zilizorudi, kisha warudie tena na tena. Somo hilo la hesabu litaingia akilini kuliko mahubiri mengi.

Pili, mashine yoyote ya sarafu itakayopewa leseni iandikwe ubavuni, kwa Kiswahili, jina la aliyeiunda, jina la mwenyewe na kiwango inachorudisha. Mfuko wa unga huandikwa jina la msagaji na uzito wake. Sembuse chombo kinachokula kibarua cha baba?

Tatu, nasi tuanze kuwahoji mafundi wetu. Hili halihitaji studio ya kifahari. Kipindi cha sauti hurekodiwa kwa simu ile ile ambayo vijana wetu wanaibeba mfukoni, na redio za Kikamba, kama vile Musyi FM, zina wasikilizaji tayari. Wapo mafundi waliotengeneza redio za betri katika masoko haya tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Wapo wachongaji wa Ukambani, warithi wa ufundi ambao Mutisya Munge wa Wamunyu aliuleta baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao vinyago vyao hununuliwa na watalii bila jina la mchongaji. Wapo pia wabunifu wa michezo ya kompyuta hapa hapa Kenya, kama Wesley Kirinya, ambaye mchezo wake wa The Adventures of Nyangi ulitoka mwaka 2007. Mtoto wa Kasikeu akimsikia Mkenya mwenzake akieleza jinsi mchezo unavyoundwa, ataanza kuitazama mashine kwa jicho la fundi.

Najua watakaosema kwamba hizi ni anasa, kwamba penye njaa hapazungumzwi michezo. Hoja hiyo ina uzito, maana bei ya kusikiliza intaneti si haba kwa mwenye kipato kidogo, na ndiyo sababu nikataja redio. Lakini kumbuka kwamba mashine ya kamari haikungoja tushibe ndipo ije. Ilikuja kwa sababu tuna njaa, na huichuma njaa hiyo shilingi ishirini kwa shilingi ishirini.

Mji wa jirani, Sultan Hamud, una jina la Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa Sultani wa Unguja kuanzia mwaka 1896 hadi 1902. Hauna jina la kibarua hata mmoja kati ya waliolaza reli inayopita hapo. Ndivyo ilivyo desturi ya dunia, mtawala hukumbukwa na fundi husahauliwa. Wale wapenzi wa michezo ya sarafu, watu wa kawaida wenye vinasa sauti na subira, wameipinga desturi hiyo katika uwanja wao mdogo. Nasi tuipinge katika wetu, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee wenye habari hizo hawatatungoja.